Mama wa Kukodi

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa juu ya godoro langu kando ya barabara pale Nyasubi, mjini Kahama, nyumba yangu mwenyewe iko nyuma yangu, imefungwa kwa kufuli la mtu mwingine. Wengine mmeniletea pole kupitia kwa mhariri. Asanteni. Wengine mmeuliza, huyu mama ana akili gani ya kuweka nyumba dhamana kwa ajili ya mtoto wa dada yake? Nami hujiuliza hivyo hivyo kila nikiamka.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Anisia, ingawa wengi huniita Mama Silvesta, kwa jina la mwanangu aliyefariki akiwa mdogo. Nimepita miaka sitini. Donatus, mtoto wa marehemu dada yangu, alikopa fedha za mashine ya kusaga, nami nikaweka nyumba. Mashine haikusaga hata debe moja. Donatus akakimbilia machimbo ya Geita, nyumba ikauzwa, na jina langu likatangazwa sokoni kama la mwizi wa kuku.

Hayo ni aliyonifanyia Donatus. Leo nasimulia niliyoyafanya mimi. Mkimaliza kusoma mkitema mate sitawalaumu, mimi mwenyewe nimeshayatema.

Chumba cha kwanza nilikipata kwa Bhoke. Huyu ni mjane mwenyeji wa Tarime, ana vyumba sita vya bati nyuma ya soko na mdomo wa kuvijaza vyote.

“Shikamoo, mama,” alinipokea vizuri. “Karibu, karibu ndani. Chumba kipo. Watu wazima ndio ninaowataka mimi, hawaleti fujo.”

Akanionyesha. Sakafu ya saruji, dirisha moja, mlango mzima. Nikamwambia nakitaka. Akaniletea kiti na maji ya kunywa. Nikaanza kuwaza kitanda kikae upande gani.

“Haya, mama, balozi wako wa kule ulikotoka ni nani? Nikamwone anipe neno lako, halafu twende kwa balozi wetu akupokee.”

Wasomaji, utaratibu wetu mnaujua. Huhamii popote mpaka balozi wa nyumba kumi akupokee, na hakupokei mpaka yule wa kule ulikotoka akusemee. Utaratibu mzuri, unazuia wezi. Siku hiyo mwizi nilikuwa mimi.

Bhoke alirudi uso umebadilika. Kiti nilichokuwa nimekalia alikichukua, akakiingiza ndani, nikabaki nimesimama uani.

“Kumbe wewe ndiye yule mama wa dhamana?”

“Ndiye.”

“Ulidhani sitajua?”

“Hukuniuliza.”

“Mtu aliyeshindwa kuilinda nyumba yake mwenyewe ataiweza kodi yangu?”

“Nitakulipa mbele, Bhoke. Nina kanga zangu mpya, nitaziuza.”

“Lete kodi ya mwaka mzima. Na mdhamini.”

Mdhamini! Mimi niliyemalizwa na udhamini naambiwa nilete mdhamini. Nilicheka mpaka yule mama akarudi nyuma akidhani nimerukwa na akili.

“Na kwa umri huo,” aliniambia akinifungulia mlango wa nje, “ukinifia humu nani atakuja kukuchukua?”

Jumapili nilimwona kanisani, benchi la mbele kabisa, amefumba macho, anawaombea wajane na wazee wasio na makao. Sikuitikia ile sala. Mungu anisamehe.

Waliomfuata Bhoke sitawachosha nao. Mmoja aliniambia chumba kimeshapata mtu, wakati mkewe alikuwa anakifagia na kuwatangazia wapita njia kuwa ki wazi. Mwingine, kijana niliyempakata mimi mwenyewe akiwa mchanga, alinipa shikamoo ndefu sana, kisha akasema wanatafuta mpangaji mwenye maisha mbele yake. Nikamwambia hata mbuzi wa Krismasi ana maisha mbele yake.

Hatimaye nilipokelewa bila maswali. Nilipokelewa na ngozi.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe alikuwa na ghala kando ya barabara iendayo Tinde. Kodi hakutaka. Alitaka mtu wa kuzipaka chumvi ngozi mbichi na kuzigeuza.

“Utalala pale pembeni, mama,” alisema. “Ngozi hazina maneno.”

Alisema kweli, maneno hazina. Ila zinanuka mpaka ugali unanuka, na maji unayokunywa yananuka. Asubuhi nilikuta funza wamepanda kwenye blanketi langu. Niliwakung'uta nje nikarudi nikalikunja blanketi vizuri, maana nilikuwa na hilo moja tu. Kanisani mama aliyekaa karibu nami alihamia benchi la mbele, watoto wake wakamfuata wameziba pua. Nilikuwa mwanamke msafi mimi. Uani kwangu ungeweza kuanika mtama chini bila mkeka.

Humo ghalani ndimo Mihayo alimonikuta.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amevaa shati la nailoni na viatu vinavyong'aa, vumbi la machimbo bado liko kwenye kucha. Hakuziba pua. Hilo nililiona mapema.

“Shikamoo, mayu.”

Mayu kwetu ni mama. Ilikuwa muda mrefu sijaitwa hivyo na mtu asiyenifukuza.

“Marahaba. Ngozi siuzi mimi, mwenyewe hayupo.”

“Sitaki ngozi. Nakutaka wewe.”

“Mimi? Si unaona nimechakaa kuliko hizi?”

Akacheka, akachuchumaa mbele yangu kama mtoto wa nyumbani.

“Naitwa Mihayo. Nina nyumba yangu Nyasubi, ya bati. Chumba cha uani hakina mtu. Kichukue. Kodi sitaki.”

Nimeishi duniani. Mwanamume akikupa kitu bure, muulize bei haraka.

“Unataka nini?”

“Nataka unizae.”

Nikaacha chumvi yangu, nikamwangalia vizuri.

“Nimelelewa kwenye maduara, mayu,” alisema. Maduara ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. “Mzee mmoja aliniokota kwenye kambi nikiwa natambaa, akanipa jina, akafa. Aliyenizaa simjui. Sasa nimepata mchumba, Limi, binti wa mzee Leodgar wa Ushirombo. Mzee hataki kunisikia. Anasema ng'ombe ameona wengi, anachotaka ni kumwona mama aliyenizaa. Mtoto wa machimbo asiye na kwao hampi binti yake.”

“Kahama imejaa akina mama. Kwa nini mimi?”

“Kwa sababu wewe ulipoteza nyumba kwa ajili ya mtoto ambaye hukumzaa hata. Watu mjini wanakucheka. Mimi nilipolisikia hilo nikasema, huyo ndiye mama.”

Naapa, maneno yale yalininunua kabla ya chumba. Jambo lililonifungia milango yote ya Nyasubi ndilo lililonifungulia huu mmoja.

“Na tena,” akaongeza, “huna mtu wa kumsimulia.”

Hapo alinitia kinyaa kidogo. Lakini funza walinitia kinyaa zaidi.

“Chumba ni changu mpaka nife?”

“Mpaka ufe. Na mazishi ni juu yangu.”

Nilihama siku hiyo. Mwaka ule wa themanini na nne sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, lakini Mihayo aliniletea mche mzima. Nilioga mpaka ngozi yangu mwenyewe ikaniwasha.

Masharti yalikuwa mepesi. Nitasema nilimzaa Nzega. Baba yake alifariki. Ndugu sina. Nikishasema hayo, ninyamaze, mshenga atamalizia. Huyo mshenga naye alikuwa wa kukodi.

Tukapanda lori la pamba mpaka Ushirombo.

Leodgar alikuwa mzee mfupi, mkavu, anakaribia miaka sabini, amevaa koti la ibada siku isiyo ya ibada kwa ajili yetu. Mkewe Paskalina, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, alitutandikia mikeka. Limi, kitinda mimba wao, alipiga magoti akaninawisha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Kwa Bhoke hata kiti nilinyang'anywa.

“Karibu, Mama Mihayo,” alisema Leodgar. “Tumekusubiri sana.”

“Nimeshakaribia, baba.”

“Kijana ulimzaa wapi?”

“Nzega.”

“Ulizaa wangapi?”

Nilitakiwa kujibu mmoja. Mdomo ukajibu wawili.

“Wa kwanza Silvesta. Alifariki mdogo. Huyu ndiye niliyebakiwa naye.”

Paskalina alinishika mkono kunipa pole, akaushikilia. Nilikuwa nimemwamsha mwanangu kaburini na kumpa mdogo wa uongo, ili mimi nipate pa kulala. Nilijichukia, ila mkono sikuutoa.

Mambo yalikwenda. Mshenga alizungumza vizuri mpaka nikaanza kuamini mwenyewe. Ng'ombe wakakubaliwa. Mihayo alikuwa anatazama chini kwa adabu, na masikio yake yanacheka. Limi alipita mlangoni mara tatu bila sababu yoyote.

Kisha Leodgar akaweka kikombe chini.

“Haya, habari za ng'ombe tumezimaliza. Sasa wewe mwenyewe, mama. Wewe ni wa nani?”

Wasomaji wangu, tangu nyumba yangu ichukuliwe hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Wote waliuliza nadaiwa na nani. Mzee yule aliuliza kwa upole, ameinamisha kichwa kidogo kama anayeongea na mtu wa maana. Mihayo alinikanyaga mguu. Nzega, alimaanisha, sema Nzega. Sikutaka kuwa wa Nzega.

“Mimi ni binti Maige,” nikasema. “Baba yangu alikuwa mfua majembe wa huku huku Ushirombo. Wakati wa vita vya Mjerumani alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi. Vita vilipokwisha hakurudi tena, alibaki upande wa Geita, akamwoa mama yangu huko.”

Leodgar alinyanyuka. Kikombe kilimwagika na hakuna aliyekiokota.

“Maige mfua majembe? Mkono wake ulikuwaje?”

“Vidole viwili vya kushoto viliungua kiwandani kwake. Vilishikana, vikawa kama kimoja.”

“Mama yangu aliniambia,” alisema, na sauti ilianza kumkatika. “Mimi nilikuwa nanyonya walipomchukua. Mama alisema baba yako ukimwona utamjua kwa vidole. Nimewaangalia wanaume mikono maisha yangu yote.” Akanishika mabega. “Alizikwa wapi?”

“Geita. Kaburi nalijua.”

“Paskalina! Paskalina, njoo! Huyu ni dada yangu! Ni mtoto wa baba!”

Vigelegele vikapigwa. Mzee alilia kwa sauti, mimi nikalia pia, na machozi yale hayakuwa ya kukodi. Nilikuwa na kaka! Nilikuja na uongo mfukoni, nikasema kweli moja tu, na ile kweli ikanipa ndugu wa damu.

Paskalina ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

“Baba Limi,” alisema, “huyu akiwa dada yako, kijana huyu ni nani wako?”

“Si ndiye mpwa wangu!” Leodgar bado alikuwa anacheka na kulia. “Ni mpwa wangu kabisa!”

“Na Limi ni nani wake?”

Vigelegele vilikatika. Huku kwetu mtoto wa shangazi yako ni kaka yako. Babu ni mmoja, damu ni moja, hamuoani hata ukileta zizi zima, na padri naye angesema hivyo hivyo. Mshenga aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Hatukumwona tena.

Leodgar alikaa chini polepole, akajifuta uso.

“Basi,” alisema. “Ndoa hakuna. Tumshukuru Mungu tumejua mapema. Pole, mwanangu Mihayo, utapata mwingine.” Kisha akanigeukia mimi. “Lakini wewe, dada, huondoki. Mtoto wa Maige hawezi kulala kwa watu na mimi nina paa. Hapa ni kwako mpaka tuzikane.”

Hakutaja kodi. Hakutaja balozi. Hakuuliza nadaiwa nini.

Mihayo alinivuta mpaka nyuma ya kihenge cha mtama.

“Umefanya nini, mayu? Si nilikwambia Nzega?”

“Ilinitoka.”

“Rudi ndani uwaambie ukweli. Sasa hivi.”

“Tutafukuzwa wote wawili.”

“Utafukuzwa wewe. Mimi nitaomba radhi, nitaongeza ng'ombe, watanielewa. Usipowaambia, ukirudi Kahama godoro lako utalikuta jalalani.”

“Na nikiwaambia?”

Akanitazama kama wenye nyumba wote wa Nyasubi walivyonitazama, kuanzia miguuni.

“Ukiwaambia, mama wa kukodi wa nini tena?”

Nashukuru alisema kweli. Kila upande chumba cha uani kilikuwa kimekwenda. Kilichobaki ni paa la Leodgar, na lenyewe lingekaa juu yangu kama nisingefungua mdomo. Mzee yule angemsamehe kijana aliyedanganya kwa ajili ya mapenzi. Dada anayeuza umama wake kwa chumba, tena kwa kumtumia marehemu mtoto wake, asingemsamehe. Nisingemsamehe hata mimi.

Mihayo aliona sitembei. Akaniacha, akaingia ndani mwenyewe.

“Mzee, huyu si mama yangu!” nilimsikia akipaza sauti. “Nimemkodi! Mimi sina mama, simjui! Nilimkuta Kahama analala ghalani na ngozi za ng'ombe, nikampa chumba ili aje aseme amenizaa!”

Nilipoingia walinigeukia wote. Leodgar hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, kama mtoto aliyepewa kitu na anaona kinataka kuchukuliwa.

“Dada,” alisema, “anasema nini huyu?”

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Niliyaoga.

“Kaka, msameheni. Amechanganyikiwa na mapenzi. Kijana akimtaka msichana namna hiyo, hata mama aliyemzaa anamkana.”

“Nimekukodi!” Mihayo alilia. “Sema, mayu! Sema!”

“Nani anakodi mama?” aliuliza Leodgar, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili zake. Nilidhani katika ile nyumba hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Ukweli wa Mihayo ulikuwa wa kichaa, na uongo wangu ulikuwa wa kila siku. Vijana wa jirani walioletwa na vigelegele walimshika mikono wakamtoa. Alikuwa anageuka nyuma akiniita mayu, siyo kwa matusi, anaita tu, mpaka wakamfikisha barabarani.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku hiyo ilikuwa inazidi kurefuka.

Paskalina alinipeleka chumbani. “Utakaa humu, wifi. Ni cha Limi, yeye atahamia jikoni.” Kitanda cha mbao, dirisha la mashariki, sakafu imesiribwa vizuri. Nilikaa kitandani, nikaona aibu, na chini ya aibu, nisiwafiche, nikaona raha. Mgongo wangu ulikuwa umesahau kitanda.

Sijamaliza kuvua viatu, nikasikia Paskalina anapiga yowe uani.

“Unasema nini, Limi? Una nini?”

“Nina mimba, mama.”

“Ya nani?”

Msichana alilia bila kujibu, na hakuna aliyehitaji jibu.

“Ya kaka yako?” Sauti ya Leodgar ilitoka ndogo. “Mimba ya mtoto wa dada yangu, ndani ya nyumba yangu? Hiyo ni laana, na laana hailali chini ya paa langu. Chukua nguo zako. Jua lisizame uko hapa.”

“Baba Limi, ni mtoto wako huyu!”

“Nyamaza! Nenda kamtandikie mgeni.”

Nilisikia yote hayo nimekaa juu ya kitanda cha yule msichana, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Kama kuna mtu anayesoma hapa na anadhani mimi nilikimbilia uani kupiga magoti, basi hajanijua bado.

Limi aliingia. Hakuja kwenye sanduku lake. Alikuja mpaka mbele yangu akachuchumaa kama Mihayo alivyochuchumaa kule ghalani.

“Shikamoo, bibi.”

Hakusema shangazi. Nilijua hapo hapo kuwa anajua siri yetu.

“Marahaba.”

“Mihayo aliniambia tangu mwanzo,” alinong'ona. “Aliniambia amepata mama wa kukodi, bibi mmoja anayelala na ngozi, aliyepoteza nyumba kwa ajili ya mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemwambia akuchukue. Nilisema mtu kama huyo hawezi kutudhuru.”

Nilikiweka kile kiatu sakafuni.

“Najua wewe ni shangazi yangu kweli. Baba hawezi kukosea vidole vya baba yake. Lakini Mihayo hukumzaa wewe. Mwambie baba neno hilo moja tu. Akikufukuza utakaa kwetu, mimi na Mihayo, nitakupikia mimi mwenyewe, nitakutunza.”

Nitakutunza. Donatus alisema neno hilo hilo kabla sijaweka nyumba dhamana, tena alisema amenishika mikono yote miwili. Nilimtazama Limi, uso mzuri usio na hila, na nikamchukia kwa sababu ya Donatus. Ndicho kinyaa chenyewe hicho. Binti wa kaka yangu alikuwa ananiomba maisha yake, na mimi nilikuwa napima kama godoro lake lina pamba au majani.

“Dada!” Leodgar aliita kutoka uani. “Huyo mtoto anakusumbua?”

Limi alinishika goti.

“Hapana, kaka,” nikajibu. “Anachukua nguo zake.”

Msichana hakulia. Aliutoa mkono wake gotini pangu, akaufuta kwenye kanga kama aliyeshika kitu kibichi. Kisha akatazama juu ya bega langu, kuelekea mlangoni, na uso wake ukabadilika.

Nikageuka. Paskalina alikuwa amesimama kizingitini na shuka safi mikononi, shuka la kunitandikia mimi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Mimi hakunitazama. Alimtazama binti yake.

“Limi,” alisema, “rudia ulichosema.”